Programu yangu ya Ryu itahamia ONOS bila kuandikwa upya?

"Assalamu alaikum mwalimu. Mimi ni fundi wa mtandao katika chuo kimoja hapa Pemba. Tuna swichi 12 zinazotumia programu ya swichi iitwayo Open vSwitch, 9 ziko Chake Chake na 3 Wete, na namba nimezipa mwenyewe, 1 hadi 12. Mwaka juzi niliandika programu juu ya kidhibiti cha Ryu, yaani programu kuu inayoziamuru swichi, mistari kama 900 ya Python. Inafanya kazi tatu: inawatenga wageni na wanafunzi wasiingie mtandao wa ofisi, inabana kasi ya wageni saa za masomo, na inabadilisha njia faiba moja ikikatika. Haijawahi kunisumbua. Sasa wenzetu wa Unguja wana kidhibiti kingine, ONOS, na uongozi unataka kidhibiti kiwe kimoja, kikae kwao. Nimeambiwa vyote ni OpenFlow, kwa hiyo ni kunakili tu. Nimezielekeza swichi kwa ONOS, Ryu nikaiacha iendelee kwa usalama, na amri za REST, zile ninazokitumia kidhibiti kwa njia ya wavuti, nikazibadilisha kidogo. ONOS inaziona swichi zote 12. Lakini kompyuta zinapata mtandao sekunde chache, zinaukosa, zinapata tena. Swichi 3 za Wete hazipokei kanuni zangu hata moja. Na ramani ya ONOS haionyeshi waya wowote kati ya swichi na swichi. Niandike upya yote? Au kipo chombo cha kutafsiri? Nimechoka, na mitihani ni mwezi ujao."

Waalaikumu s-salaam, ndugu yangu. Kabla ya maelezo yoyote, fanya jambo moja leo: iondoe ONOS kwenye swichi zote, uiache Ryu peke yake, na usiguse kitu kingine mpaka mitihani iishe, isipokuwa mpangilio mmoja nitakaokutajia mwishoni. Programu inayofanya kazi haiharibiki kwa kusubiri wiki sita. Uongozi ukiuliza, waambie ushauri huo umetoka kwangu.

Sasa tukae kwenye shida yenyewe. Nimesoma barua yako mara mbili, na naona kuna wasiwasi wa aina mbili uliochanganyika. Mmoja ni hitilafu tatu unazoziona, na hizo zote zina sababu zinazojulikana. Wa pili ni mkubwa zaidi: je, kazi yako ya miaka miwili inakwenda na maji kwa sababu mtu amebadilisha kidhibiti? Haikwendi na maji yote. Itakayobaki ni ile sehemu ambayo pengine huihesabu kuwa ndiyo kazi.

Nianze na hilo neno ulilopewa, kwamba "vyote ni OpenFlow". Ni kweli, ila ni nusu ya kweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo iliyokuchosha. OpenFlow, iliyotoka Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2008, ni lugha ya kidhibiti kusema na swichi: weka kanuni hii, futa ile, nipe hesabu ya pakiti, yaani vile vifurushi vya data vinavyopita. Toleo la 1.0 lilitoka mwisho wa 2009, na 1.3, ambalo nadhani ndilo unalotumia, lilitoka 2012. Huko chini watu waliafikiana. Lakini programu yako haisemi na swichi moja kwa moja. Inasema na kidhibiti, na huko juu hawajaafikiana mpaka leo. Mwaka 2013 shirika la ONF, lililokuwa likisimamia OpenFlow, liliunda kikundi cha kushughulikia kiolesura hicho cha juu, lakini kila kidhibiti kiliendelea na chake. Ryu wanakupa Python na matukio. ONOS wanakupa Java na huduma zao. OpenDaylight, kidhibiti cha tatu, wanakupa Java na mifano ya data iliyoandikwa kwa lugha ya YANG.

Umepanda chai maharage, zile daladala zetu za bodi ya mbao, unajua zinavyotengenezwa. Lori linakuja kutoka nje, fundi seremala anajenga bodi ya mbao juu ya chesesi yake, anatoboa matundu ya bolti pale pale chuma kinapotaka. Malori mawili yanaweza kutumia matairi sawa na barabara moja, lakini bodi ya moja ukiipandisha juu ya jingine, matundu hayakutani. OpenFlow ni barabara na matairi. Wewe umejenga bodi.

Tuje kwenye hitilafu. Ya kwanza, mtandao kuja na kuondoka, imetokana na ule uangalifu wako wa kuiacha Ryu "kwa usalama". Swichi ya OpenFlow 1.3 inaweza kuunganishwa na vidhibiti zaidi ya kimoja, na kila kimoja kina cheo. Ryu kwa kawaida haiombi cheo, kwa hiyo inabaki na cheo cha usawa chenye mamlaka kamili ya kuandika kanuni. ONOS inaomba kuwa mkuu, inapewa, lakini ukuu wake haumvui madaraka aliye na cheo cha usawa. Basi swichi ikawa na mabwana wawili. Pakiti inakuja, Ryu inaandika kanuni, kompyuta inapata mtandao. Sekunde chache baadaye ONOS inaisoma swichi, inakuta kanuni ambayo haimo katika daftari lake, na kwa tabia yake ya kawaida inaifuta. Pakiti nyingine inakuja, Ryu inaandika tena. Ndiyo huo mchezo uliouona. Andika ovs-vsctl get-controller kwenye swichi yoyote, utaona anwani mbili. Kuhama ni kuhama, ndugu yangu: swichi moja ihame nzima, iwe na kidhibiti kimoja, na nyingine zibaki ziliko.

Ya pili, swichi za Wete. Hii nilitabasamu nilipoisoma, kwa sababu jibu umelileta mwenyewe uliposema umezipa namba 1 hadi 12. Chake zina 1 hadi 9, Wete 10, 11 na 12, sivyo? Kwenye Ryu swichi ya kumi inaitwa 10, namba ya kawaida. OpenDaylight wataiita openflow:10. Lakini ONOS wanaandika namba hiyo kwa hesabu ya kumi na sita, ambamo baada ya 9 zinafuata herufi a hadi f, tarakimu 16 baada ya herufi mbili za mwanzo. Swichi yako ya kumi kwao ni of:000000000000000a. Ya kumi na moja inaishia na b, ya kumi na mbili na c. Wewe nadhani umejaza sufuri na kumalizia na 10, na hiyo kwa ONOS ni swichi ya kumi na sita, ambayo huna. Kuanzia 1 hadi 9 hesabu zote mbili zinalingana, ndiyo maana Chake ilitii na Wete ikakaa kimya. Kosa dogo kama hili halionekani kwa macho ya mtu aliyechoka, na halina uhusiano wowote na ujuzi wako.

Ya tatu, ramani isiyo na waya. Hapa nakisia, kwa sababu hukunitajia umuhimu uliozipa kanuni zako, yaani namba inayoamua kanuni ipi itangulie, lakini nina hakika ya kutosha. ONOS inagundua waya kwa kutuma pakiti ndogo za LLDP kutoka swichi moja, na kusubiri swichi ya jirani izirudishe kwa kidhibiti. Ili zirudi, inaweka kanuni zake yenyewe zenye umuhimu wa 40000. Umuhimu katika OpenFlow unakwenda mpaka 65535. Walioandika programu za Ryu peke yao hupenda kuweka namba kubwa kabisa kwa kanuni wanazozithamini, kwa kuwa hakuna mwingine ndani ya nyumba wa kugombana naye. Ikiwa una kanuni ya 50000 au 65535 inayosema "chochote kiingiacho mlango huu kitoke mlango ule", basi inameza pakiti za ONOS kabla hazijafika. Zishushe zote chini ya 40000 na waya zitaonekana.

Hizo tatu utazimaliza kwa siku mbili. Sasa nikwambie tofauti ambazo hazijakupiga bado, kwa sababu hizo ndizo zinazoamua kama uandike upya au la.

Kubwa kuliko zote ni kumbukumbu. Katika Ryu, programu yako ni mchakato mmoja kwenye seva moja. Nina hakika una kamusi ya Python ndani yake inayosema kompyuta fulani iko swichi fulani, mlango fulani. Ukiuliza, inajibu, basi. ONOS imejengwa iendeshwe kama klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, mara nyingi tatu, na kila swichi ina mkuu wake mmoja miongoni mwa hizo. Nakala ya programu iliyoko seva ya kwanza inaona pakiti za swichi za seva ya kwanza tu. Ukihamisha ile kamusi kama ilivyo, utakuwa na kamusi tatu, kila moja ina theluthi ya ukweli, na hakuna hata moja itakayokuambia kwamba imepungukiwa. Kwenye majaribio ya seva moja kila kitu kitakwenda vizuri. Siku klasta inawashwa, wageni wa Wete wanapotea. ONOS wana hifadhi ya pamoja kwa ajili ya jambo hili, lakini lazima uiombe, na kuiomba kunabadilisha jinsi programu inavyofikiri.

Nyingine ni pakiti zenyewe. Katika 1.3, pakiti isiyo na kanuni inatupwa, isipokuwa uweke kanuni ya mwisho kabisa inayosema iletwe kwa kidhibiti. Katika 1.0 ilikuwa kinyume, ililetwa bila kuomba. Programu yako ya Ryu imeiweka kanuni hiyo yenyewe na inapokea kila kitu. Ndani ya ONOS unaomba aina ya pakiti unazozitaka, na unazipokea kwenye foleni pamoja na programu nyingine. Ikiwa ile programu yao ya kupeleka pakiti imewashwa, inaweza kupeleka pakiti ambayo wewe ulikusudia kuizuia. Na kupitia REST utaandika kanuni na kusoma hali, lakini usitegemee ikuletee kila pakiti mpya papo hapo kama Ryu inavyokuletea.

Kisha swichi zenyewe. Mimi hili lilinipata kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Nilitumia kipimo cha kasi cha OpenFlow kuwabana wageni, na kwenye laptopu, ndani ya Mininet, programu ya kuigiza mtandao, kilifanya kazi safi. Swichi za chuma za hoteli zilikikataa, zikarudisha ujumbe wa kosa, na programu yangu haikuwa imefundishwa kusikiliza ujumbe huo. Ilikuwa inaamini wageni wamebanwa, na wageni wanapakua filamu. Kwenye ONOS dalili yake ni kanuni iliyokwama katika hali ya PENDING_ADD: imeombwa, haijaonekana kwenye swichi. Kwa hiyo kila ukimaliza hatua, iulize swichi yenyewe kwa ovs-ofctl -O OpenFlow13 dump-flows. Kidhibiti kitakuambia kinachokusudia, swichi itakuambia ilicho nacho.

Umeuliza kuhusu chombo cha kutafsiri. Wazo lilikuwepo na lilifanyiwa kazi kwa dhati. Mradi wa Ulaya uitwao NetIDE, ulioanza 2014, ulijaribu hasa jambo lako: programu ibaki juu ya kidhibiti chake cha asili, kama Ryu, na safu ya katikati ibebe maneno yake mpaka kwa kidhibiti kingine, kama ONOS, ambacho ndicho kimeshika swichi. Ulionyesha kwamba inawezekana. Lakini mradi uliisha, na safu kama hiyo bila watu wa kuitunza ni mzigo wa tatu juu ya vidhibiti viwili. Chuo chenye fundi mmoja kisiegemee hapo.

Kubaki Ryu pia kuna gharama yake, sitakuficha. Ryu ilianzia kampuni ya NTT ya Japani, na siku hizi haitunzwi tena. Watu wa OpenStack walichukua nakala wakaiita os-ken, na hiyo ndiyo inayopata marekebisho. Kwa programu ya mistari 900, kuhamia os-ken ni kazi ndogo kuliko zote nilizozitaja, kwa kuwa muundo ni ule ule. Lakini waambie na wakubwa zako jambo hili kwa adabu: ONOS nayo si ile ya 2014 ilipotoka kwa vishindo. Mwendo wake umepoa sana. Kuhama kutoka kinachopoa kwenda kinachopoa, kwa gharama ya kuandika upya kwa Java, kunahitaji sababu nzito kuliko "tuwe na kimoja".

Ningekuwa mimi, ningeanza kwa kupunguza programu yenyewe. Kuwatenga wageni na ofisi hakuhitaji programu. Ni kazi ya VLAN, yaani kuugawa mtandao mmoja kuwa mitandao iliyotengana, na kanuni chache za kudumu, na hiyo inahamia popote. Kubadilisha njia faiba ikikatika, kwa waya uliochomekwa kwenye swichi hiyo hiyo, ni kazi ya makundi ya akiba yaliyomo ndani ya OpenFlow tangu 1.1: swichi inaona mlango umekufa, inatumia wa pili, haimuulizi mtu. Ukishayatoa hayo mawili, mistari 900 itabaki 300, labda pungufu.

Hiyo iliyobaki igawe. Sera iwe kwenye faili peke yake: nani anaruhusiwa wapi, saa ngapi, kwa kasi gani. Hesabu iwe sehemu ya pili, Python tupu isiyoita hata neno moja la Ryu: inapewa sera na ramani ya swichi, inatoa orodha ya kanuni kwa lugha yako mwenyewe, mfano "swichi 10, VLAN 30, kutoka mlango 4, toa mlango 24, umuhimu 300". Sehemu ya tatu ni mdomo, mdogo iwezekanavyo, unaochukua orodha hiyo na kuisema kwa Kiryu au Kionos. Humo ndimo 10 inapogeuka 000a, na si pengine popote. Mdomo huo ulinganishe kilichotakiwa na kilichopo, uongeze kilichopungua, ufute kilichozidi katika vile ulivyoviandika wewe tu. Siku wakikuletea kidhibiti cha nne, utaandika mdomo mpya wa mistari mia, na sera yako haitajua kwamba kuna kilichobadilika. Hii ndiyo sehemu niliyosema huihesabu: umekaa miaka miwili ukijua nani kwenye chuo chako anahitaji nini na saa ngapi. Ujuzi huo sasa umezama ndani ya msimbo wa Ryu. Utoe, uuandike mahali panaposomeka.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, na kwangu ndilo linalonikosesha raha kuliko yote: kidhibiti "kikae kwao" Unguja. Kati yenu kuna bahari. Njia ya mtandao kati ya visiwa ikikatika, swichi zako 12 zinabaki bila kidhibiti, hata kwa mawasiliano ya Chake na Wete yasiyovuka bahari. Itakayofuata inategemea mpangilio mmoja wa Open vSwitch. Usipouweka wewe, swichi ikikosa kidhibiti inajigeuza kuwa swichi ya kawaida inayojifunza yenyewe na kupeleka kila kitu. Mtandao utaonekana mzima, hakuna atakayelalamika, na kizuizi chako cha wageni kitakuwa hakipo. Mgeni ataweza kufika kwenye kompyuta yenye matokeo ya wanafunzi. Weka ovs-vsctl set-fail-mode kuwa secure kwenye kila swichi, hata leo, hata ukibaki na Ryu. Hapo swichi itaendelea na kanuni ilizonazo, na ndiyo maana kanuni za kutenga ziwe za kudumu, zisiwe na muda wa kufutika.

Na kwa uongozi, usikatae, pendekeza. Sera iwe moja, faili moja, inayosomwa na pande zote mbili. Kidhibiti cha Pemba kikae Pemba. Ikibidi iwe ONOS, iwe na seva yake Chake Chake, wala isiwe mwanaklasta wa klasta ya Unguja kupitia njia ambayo ikikatika inazigawa seva zenyewe.

Majaribio fanya ndani ya Mininet kwenye laptopu yako, swichi 12 za mfano zenye namba zile zile, pamoja na 10, 11 na 12, kisha ukate waya mmoja mmoja uone. Lakini kuna mambo ambayo usiyafanye peke yako. Ukikuta swichi za chapa tofauti zimechanganyika na kila moja inakataa kanuni kwa namna yake, au kuna waya umezunguka ukarudi ulikotoka na mtandao mzima unazama, tafuta mtu aje mkae naye chumba cha seva. Hitilafu za namna hiyo haziagizwi kwa simu. Vilevile siku ya kuhamisha, pawe na mtu Chake na mtu Wete, kila mmoja ana laptopu yenye waya wa konsoli na laini ya simu isiyopita kwenye mtandao wa chuo. Mwenzako wa Unguja asiguse swichi za Pemba kupitia mtandao ule ule anaoubadilisha. Akijifungia nje, dawa yake ni meli ya Mkoani, na meli haiondoki unapoitaka.

Mitihani ikiisha, anza na swichi namba 12 peke yake. Iondolee Ryu, ipe ONOS, iache wiki nzima. Nitumie ilichosema dump-flows siku ya kwanza na siku ya saba, tulinganishe.